Hali timilifu: kiambishi -me- kinasema nini hasa?

Swali: "Katika kitabu kimoja cha sarufi nimesoma kwamba kiambishi -me- ni cha wakati uliopita, kingine kinasema ni cha wakati uliopo, hali timilifu, na cha tatu kinakiita 'wakati timilifu' bila maelezo zaidi. Nikisema 'mtoto amelala', sioni jambo lililopita hata kidogo, kwa kuwa mtoto yuko usingizini wakati huohuo ninaposema. Hali timilifu ni nini hasa? Na je, ni kosa kusema 'amekuja jana'?"

Jibu: Ndugu msomaji, vitabu vyako vitatu vinatofautiana kwa sababu vinajaribu kujibu kwa jina moja maswali mawili ambayo sarufi huyatenganisha. Swali la kwanza ni kuhusu mahali pa tukio katika mfuatano wa nyakati: je, lilitokea kabla ya kusema kwetu, linatokea sasa, au litatokea baadaye? Hilo ni swali la wakati, ambao wanaisimu huuita pia njeo. Swali la pili ni kuhusu namna msemaji anavyolitazama tukio hilo: je, analiona likiwa katikati ya kutendeka, analiona kama jambo la kawaida linalojirudia, au analiona kupitia kile lilichokiacha nyuma yake? Hilo ni swali la hali. Chukua sentensi "alisoma", "alikuwa akisoma" na "alikuwa amesoma". Zote tatu zinahusu wakati uliopita, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa kutaja tarehe au saa. Kinachozitofautisha ni hali.

Hali timilifu, basi, ni ile inayolileta tukio mbele ya msikilizaji kupitia matokeo yake. Tukio lenyewe limekwisha kutimia kabla ya wakati unaozungumziwa, lakini athari yake ingali na uzito katika wakati huo. Naomba uyashike maneno "wakati unaozungumziwa", kwa maana sikusema "wakati wa kusema", na ugumu wote wa jambo hili unakaa katika tofauti hiyo. Mwanafalsafa Hans Reichenbach, katika maandishi yake ya mwaka 1947, alipendekeza kwamba vitenzi vya lugha za binadamu vichambuliwe kwa kutumia nukta tatu badala ya mbili: nukta ya tukio, nukta ya usemi, na kati yao nukta ya rejeo, yaani wakati ambao msemaji amesimama kifikra anapolitazama tukio. Katika "alifika", tukio na rejeo viko pamoja, na vyote viwili vimetangulia usemi. Katika "amefika", tukio limetangulia, lakini rejeo limo ndani ya usemi wenyewe: tunazungumza habari za sasa, na kufika kunatajwa kwa sababu kunaeleza jinsi mambo yalivyo sasa.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mtu anayesema "nimesahau jina lake" anakiri kwamba hata sasa hawezi kulitaja, ilhali anayesema "nilisahau jina lake" anasimulia kilichompata siku fulani, na pengine jina hilo analo ulimini wakati anaposimulia. Vivyo hivyo, "nimepoteza ufunguo" ni maneno ya mtu ambaye bado anautafuta au amekata tamaa ya kuupata. "Nilipoteza ufunguo" inaweza kufuatwa bila taabu na "lakini niliupata siku ya pili yake". Tukio ni lilelile, na limepita kwa kiasi kilekile. Kilichobadilika ni kama matokeo yake yangalipo.

Sasa, je, -me- ni kiambishi cha wakati? Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote ni sentensi fupi ambayo kila msemaji wa Kiswahili ameitamka: "Nilimkuta amelala." Kitenzi cha kwanza kinatupeleka katika wakati uliopita. Kitenzi cha pili kina -me-, wala hakuna anayeelewa kwamba mtu huyo yuko usingizini sasa hivi. Alikuwa usingizini wakati alipokutwa. Ndivyo ilivyo pia katika "aliingia amebeba kitabu mkononi" na "watakuja wamevaa sare": katika ya kwanza kubeba kunafungamana na kuingia kulikopita, katika ya pili kuvaa kunafungamana na kuja ambako hakujatokea. Kama -me- ingekuwa na wakati wake yenyewe, uwe uliopita au uliopo, sentensi hizi zingekuwa na mgongano ndani yake. Hazina mgongano wowote, kwa sababu -me- inaazima wakati kutoka kwa kitenzi kinachotawala sentensi, yenyewe ikileta hali peke yake. Pale inaposimama bila kitenzi kingine cha kuitawala, kama katika "mtoto amelala", inachukua wakati wa kusema, na hapo ndipo ilipopata sifa ya kuwa ya "wakati uliopo".

Miundo yenye kitenzi kisaidizi "kuwa" inalionyesha jambo hilohilo kwa uwazi zaidi, kwani kazi mbili zinagawanywa kwa maneno mawili. Katika "alikuwa amefika", -li- iliyo kwenye kisaidizi inabeba wakati na -me- iliyo kwenye kitenzi kikuu inabeba hali. Badilisha kisaidizi upate "atakuwa amefika", "akiwa amefika", "awe amefika" au "huwa amefika": hali timilifu imebaki palepale huku wakati na mazingira yakigeuka. Ndiyo maana vitabu vingi vya shule huzungumzia wakati uliopita hali timilifu, wakati uliopo hali timilifu na wakati ujao hali timilifu. Utaratibu huo wa majina ni mzuri, mradi mwanafunzi aelezwe kwamba "amefika" ni ya wakati uliopo kwa sababu haina kisaidizi cha kuipeleka kwingine. Niongeze kwa kupita tu kwamba "saa hizi atakuwa amefika" mara nyingi si habari ya wakati ujao kabisa. Ni kukisia juu ya jambo ambalo msemaji anaamini limekwisha kuwa.

Nije kwenye "mtoto amelala", ambayo ndiyo iliyokutatiza. Hisia yako ni sahihi: sentensi hiyo inaeleza hali iliyopo. Sababu yake haiko katika -me- bali katika aina ya kitenzi. Kiswahili kina kundi kubwa la vitenzi vinavyotaja kuingia katika hali fulani, wala si kuwa ndani yake. "Kulala", kwa maana hii, ni kuingia usingizini. "Kusimama" ni kuinuka. "Kuvaa" ni kutia nguo mwilini. "Kuchoka" ni kuishiwa nguvu. "Kukasirika" ni kupatwa na hasira. "Kuiva" ni kufikia kiwango cha kuliwa. Kuingia kukishatimia, matokeo yake ni kuwa ndani ya hali hiyo, na -me-, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha matokeo, inatuonyesha mtu aliye usingizini, aliye wima, mwenye nguo mwilini, asiye na nguvu. Ukitumia -na- na vitenzi hivi, unarudi kwenye mlango wa kuingilia: "anavaa koti" ni mtu ambaye mkono wake mmoja bado uko nje ya koti, "anasimama" ni mtu anayeinuka, au basi linalopunguza mwendo. Wajifunzaji wanaokitafsiri Kiswahili neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya hukosea hapa mara nyingi. Humwona mtu ameketi kimya kwenye kiti wakasema "anaketi". Sharti niseme hata hivyo kwamba kitenzi chenyewe cha kulala kinayumba kidogo katika mazungumzo, na wapo wasemao "analala" kwa mtu aliye usingizini tayari. Katika maandishi ya uangalifu "analala" hubaki kuwa ya mtu anayejinyoosha kitandani, au ya mazoea, kama "analala mapema".

Kuna vitenzi vingine ambavyo vyenyewe ndivyo jina la hali, si la kuiingia: kujua, kupenda, kutaka, kuweza. Hivi hutumia -na- kwa hali iliyopo, kwa hiyo tunasema "anajua" na "anataka". Vikipewa -me-, maana inageuka ghafla kuwa ya mwanzo: "amejua" ni mtu aliyepata habari ambayo alikuwa hana, "amependa" ni mtu ambaye jambo limemwingia moyoni. Unaona jinsi -me- ilivyo na msimamo mmoja katika makundi yote mawili. Daima inadai kuwepo kwa mpito uliokwisha, na kama kitenzi hakina mpito ndani yake, msikilizaji anabuni mpito wa mwanzo.

Makundi haya unaweza kuyapima mwenyewe kwa neno "bado". Sema "bado amelala", "bado amesimama", "bado amekasirika". Zote zinakubalika bila shida, maana hali inaweza kuendelea. Sasa jaribu "bado ameandika barua". Sikio linakataa, kwa kuwa kuandika barua kukishatimia hakuachi hali inayoendelea ndani ya mwandishi, kunaacha barua. Kipimo cha pili ni "tangu". "Amelala tangu asubuhi" maana yake ni kwamba usingizi umedumu toka asubuhi hadi sasa, lakini kwa kuandika tunalazimika kusema "anaandika tangu asubuhi" au "amekuwa akiandika tangu asubuhi". Katika muundo huu wa mwisho, -me- imeng'ang'ania "kuwa", na uendelevu ukaachiwa -ki-.

Kwa vitenzi vya namna ya kuandika, kuimba au kusafiri, matokeo ambayo -me- inayataja si hali ya mwili ya mtendaji. Wakati mwingine ni kitu kilichobaki, wakati mwingine ni uzoefu, na wakati mwingine ni habari tu ambayo ni mpya kwa msikilizaji. Pale uzoefu unapokusudiwa waziwazi, wasemaji wengi huongeza "wahi": "amewahi kusafiri kwa meli". Habari mpya nayo ndiyo inayoeleza mtindo wa wanahabari, ambao hufungua taarifa kwa "waziri amesema", kisha katika sentensi zinazofuata wakageukia "alisema" na "akaongeza". Sentensi ya kwanza inaliweka jambo mbele yetu kama lililo hai sasa. Zinazofuata zinasimulia jinsi lilivyotokea, na masimulizi ni kazi ya -li- na -ka-.

Kauli ya kutendeka inastahili kutajwa hapa, kwa sababu inaifaa -me- kuliko kauli zote. "Kioo kimevunjika" inaeleza kioo kilivyo, bila hata kudokeza kwamba kuna mtu aliyekivunja. "Kioo kimevunjwa" inaleta kivuli cha mkosaji. Ukiondoa -me- na kutia -na-, "kioo kinavunjika" huelekea kuwa onyo kwamba kioo ni kitu dhaifu.

Sasa nigusie jambo ambalo vitabu vingi hulipita kimya. Katika Kiswahili sanifu, -me- haikubali kiambishi rejeshi ndani ya kitenzi. Tunasema "anayesoma", "aliyesoma" na "atakayesoma", lakini hatuna umbo linalounganisha -me- na -ye- kwa namna hiyo. Njia mojawapo ni kutumia "amba-": "mtoto ambaye amelala". Njia ya pili, iliyo ya kale na ambayo kwangu ni nzuri zaidi, ni kuiachia -li- ifanye kazi zote mbili. Mtu akikwambia "usimwamshe mtoto aliyelala", mtoto huyo yuko usingizini sasa, ijapokuwa kitenzi kina -li-. "Mtu aliyevaa koti jeusi" ni mtu ambaye unaweza kumwona hivi sasa akiwa na koti lake, na "matunda yaliyoiva" ni yale yanayosubiri kuchumwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayefundishwa kwamba -li- ni wakati uliopita na basi, atakwama mbele ya sentensi hizi kama wewe ulivyokwama mbele ya "amelala". Ndani ya umbo rejeshi, mpaka kati ya uliopita na timilifu umefutika, na ni muktadha tu unaoamua: "mtoto aliyelala pale kitandani" ni timilifu kwa maana yake, "mtoto aliyelala saa mbili akaamka saa nne" ni wakati uliopita.

Katika ukanushi, mwenzi wa -me- ni -ja-: amefika, hajafika. Ulinganifu wao, hata hivyo, si kamili. "Hajafika" haikanushi tu. Inaacha nafasi kwamba kufika kunangojewa, na ndiyo sababu inapatana vizuri na "bado". "Hakufika" inafunga shauri. Kwa sababu hiyo, kusema juu ya mgonjwa kwamba "hajafa" kunaweza kumchoma msikilizaji, maana kunadokeza kwamba kifo chake kinasubiriwa. Anayetaka kupasha habari kwa staha atasema "yu hai" au "angali hai". Pale ambapo hakuna matarajio yoyote, wasemaji wengi huitumia -ku- hata kwa hali iliyopo, kama anayeeleza picha akisema "huyu hakuvaa miwani". Kwa upande wa maumbo, kumbuka tu kwamba vitenzi vyenye mzizi mfupi hubaki na "ku" baada ya -me- na kuipoteza baada ya -ja-: amekula, hajala, amekuja, hajaja.

Historia ya kiambishi hiki inasaidia kueleza tabia yake. Wachunguzi wengi wa Kiswahili wanakihusisha na kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kumaliza, ambacho kwa muda mrefu kilifupishwa na kumezwa na kitenzi kilichokifuata. Lugha nyingi za Kibantu huonyesha hali hii kwa kiishio cha aina ya -ile, na Chimwiini cha Barawa, mji wa pwani ya Somalia, kilicho jamaa wa karibu wa Kiswahili, kimekihifadhi hadi leo. Jambo la kuvutia ni kwamba safari ileile inarudiwa mbele ya macho yetu. "Amekwisha kula" ilikuwa na kitenzi "kwisha" kilichosimama chenyewe. Ikawa "amekwishakula", kisha "ameshakula", na katika mazungumzo ya haraka "keshakula". Umbo la -mesha- si -me- tupu, kwani linasisitiza kwamba jambo limekwisha kabla ya matarajio ya msikilizaji. Mtu akikualika mezani, "nimekula" ni jibu, ilhali "nimeshakula" ni jibu lenye kumwambia kwamba amechelewa kidogo kuuliza.

Kuhusu majina, napenda kukutahadharisha na jambo moja. Isimu ya lugha nyingine, hasa za Kislavoni, huzungumzia hali inayolitazama tukio kama kitu kizima, likiwa na mwanzo na mwisho wake, bila kujali matokeo yake yako wapi sasa. Kirusi, kwa mfano, kina vitenzi vinavyokwenda wawili wawili kwa ajili hiyo. Baadhi ya waandishi wa Kiswahili huita hali hiyo kamilifu, na kwa kuwa "kamili" na "timilifu" karibu ni maneno ya maana moja katika matumizi ya kila siku, mtu huchanganya mambo mawili tofauti. Katika Kiswahili, kinachokaribia hali hiyo ya ukamilifu ni -li- ya masimulizi pamoja na -ka- inayoifuata: "alifika, akaketi, akasoma barua". Hapo kila tukio linaonekana zima kisha linaachwa. Timilifu hufanya kinyume; haiachi tukio liende zake.

Basi kwa jina la -me- katika kitabu au mtihani, naliona "wakati uliopo hali timilifu" kuwa sahihi kwa "amefika" inayosimama peke yake, na "hali timilifu" tupu kuwa sahihi kwa kiambishi chenyewe. Kuiita "wakati uliopita" ni kosa, ingawa ni kosa linaloeleweka, kwa kuwa tukio kweli limetangulia. "Wakati timilifu" ni jina la mazoea ambalo halidhuru likieleweka, lakini linaficha kwamba timilifu si wakati.

Imebaki "amekuja jana". Kiingereza hukataa katakata kuunganisha muundo wake wa timilifu na neno lenye maana ya jana. Kifaransa cha mazungumzo kimekwenda upande wa pili kabisa: umbo lililokuwa la timilifu limekuwa ndilo umbo la kawaida la wakati uliopita, na linapokea "jana" bila swali. Kiswahili kiko kati ya hizo mbili. Maandishi rasmi huchagua "alikuja jana", kwa sababu "jana" inalifunga tukio kwenye siku iliyopita, na kwa mtihani au waraka wa ofisi ningekushauri uandike hivyo. Lakini "mgeni amekuja jana, yuko chumbani" husikika vinywani mwa wazawa wa lugha, na sauti yake si ya mtu aliyeteleza: mgeni yungalipo, matokeo ya kuja kwake yapo, na msemaji ameongeza siku ya kuja kama maelezo ya ziada. Jaribu kuigeuza iwe "mgeni amekuja jana, akaondoka usiku", na utaona jinsi inavyochechemea, kwa kuwa matokeo ambayo -me- iliyaahidi yameondolewa papo hapo. "Leo" inaruhusu yote mawili. Mtu akisema jioni kwamba "mgeni amekuja leo asubuhi", utaandaa nafasi ya mtu mmoja zaidi mezani. Akisema "mgeni alikuja leo asubuhi", utauliza kwanza kama bado yupo.